Herufi Mbili Mbele

Jumatatu, 1 Machi 1999

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya namba za majaribio, lakini naona nitaandika na mengine, maana leo nimefanya jambo na dukani hapakuwa na mtu wa kulielewa.

Kaka Muhiddin amerudi Dubai na boksi la prosesa nane, zile bongo za kompyuta, za mwendo wa megahezi mia tatu. Ameziweka juu ya meza yangu ya ufundi, akavua kofia, akajipepea nayo. "Zeina, wenzetu kule hizi wanazikimbiza mpaka mia nne na hamsini. Kitu kilekile. Unaweza?"

Nikasema nijaribu. Prosesa haina mwendo wake yenyewe, inafuata mapigo ya bodi. Nikabadili mapigo kutoka sitini na sita kwenda mia, nikawasha. Kioo kikakaa cheusi muda mrefu hadi nikaanza kunyoosha mkono kuzima. Halafu ikaandika yenyewe pale juu: 450.

Nilipiga kelele hadi muuza vitenge wa mlango wa pili akaja mbio kuuliza kama nimepigwa shoti.

Jumatano, 3 Machi

Imezima mara nne. Joto la mtaa wetu wa Narung'ombe mchana huu ni la kukaangia samaki. Nimeongeza volti kidogo. Imezima mara mbili.

Alhamisi, 4 Machi

Feni kubwa, sahani nene ya kupoozea. Haijazima.

Jumatatu, 8 Machi

Nilidhani mashine isiyozima ni mashine nzima. Leo nimejifunza vingine.

Niliiwekea programu ya kupima: inazidisha namba ndefu sana, halafu inalinganisha jibu lake na jibu linalojulikana. Niliiacha tangu tunafungua duka. Baada ya masaa matano ikasimama na kuandika kwamba jibu limekosewa. Nikatazama kioo. Kila kitu sawa. Maneno yanaandikika, muziki unapiga, feni inazunguka. Angekuwa mteja, angeendelea na kazi yake bila kujua kitu.

Nimetafuta hadi nimepata. Kosa haliko kwenye prosesa. Mapigo yakipanda, memori nayo inalazimika kukimbia mwendo huohuo, na memori nzuri za kasi ya mia tunazo za mashine nne tu. Nyingine ni zile za sitini na sita tulizochomoa kwenye kompyuta chakavu. Nilipoweka nzuri, jaribio likaenda siku nzima, usiku na mchana, bila kosa.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Mashine nne zikimbie. Nne zibaki mia tatu.

Ijumaa, 12 Machi

Kaka hataki. Ameagiza stika za 450 nane, na nane zitabandikwa.

"Zinawaka?" ameniuliza.

"Zinawaka, lakini zinakosea."

"Zinakosea nini?"

"Sijui. Ndiyo shida yenyewe, Kaka. Chochote."

Amecheka, akanishika bega. "Wewe umesoma sana. Mtu anataka kuandika barua, anataka mwanawe acheze gemu. Kila mtu sasa anaogopa mwaka elfu mbili utavuruga tarehe za kompyuta, anatupa yake ya zamani. Tusipouza sisi, watauza wa mtaa wa pili."

Mtu akisoma haya atamwona Kaka mbaya, na si mbaya. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mbili. Yeye alisimama soko la Mchikichini na bunda la mashati ya mitumba, jua na mvua, mimi nikasoma. Kozi ya kompyuta alinilipia kabla hajajinunulia kitanda. Sijawahi kumbishia jambo likaniingia akilini kwamba huenda ni mimi niliye sawa.

Nimefunga memori mbovu kwenye mashine nne. Nimelegeza mwendo wa memori kadiri bodi inavyoruhusu.

Jumatatu, 15 Machi

Mashine ya tano: masaa matatu, kosa. Ya sita: masaa saba, kosa. Ya saba: matano. Ya nane: matatu.

Alhamisi, 18 Machi

Nimekwenda kula, nimerudi, ya sita haipo mezani. Kaka ameiuza kwa Mzee Tulsidas, mwenye duka la dawa Mtaa wa Mkunguni.

Nilisema, "Kaka, ile ilikuwa bado. Na duka la dawa!"

"Inachapa vibandiko vya chupa, Zeina. Hairushi roketi."

Kesho naenda kuifunga.

Ijumaa, 19 Machi

Mzee Tulsidas ana zaidi ya miaka sabini na bado anasoma kila cheti cha daktari kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitikia marahaba bila kuinua kichwa hadi alipomaliza mstari.

Anayechapa ni mkwewe Sudha, mke wa marehemu mwanawe. Ni mkubwa kwangu kwa miaka michache tu, ana sauti ndogo, na vidole vinavyokwenda kama mvua ya mawe. Zamani vibandiko aliviandika kwa mkono. Amefurahi kama mtoto. Printa inatoa nakala mbili, moja ya chupa, moja ya faili.

Mahali walipoipangia mashine ni ndani ya kabati, nyuma ya pazia, kwa sababu ya vumbi la barabarani. Hakuna hewa hata kidogo.

"Mzee, humu itapata joto."

"Vumbi baya zaidi, binti," amesema. "Dawa haitaki vumbi."

Nimeacha ubavu wa kasha wazi na kuomba pazia lisifungwe. Wamesema sawa. Mengine sikusema. Niliyabeba hadi mlangoni, nikatoka nayo.

Jumapili, 28 Machi

Idd ya kuchinja. Nyumba ya Kaka ilijaa watu. Alinisifia mbele ya wageni wote: "Huyu ndiye injini ya duka." Nikaenda jikoni kuosha vyombo.

Jumamosi, 3 Aprili

Mvua imeanza. Umeme unapanda na kushuka. Vijana wanavusha watu Msimbazi kwa mgongo.

Jumanne, 6 Aprili

Sudha alikuja dukani na mwavuli unaovuja. Alichapa kibandiko cha mgonjwa anaitwa Salima, kikatoka Sanima. Mzee alimsomea kosa hilo mbele ya wateja.

"Zeina, naapa niliandika Salima."

Alinitazama akisubiri. Kaka alikuwa anapanga vioo nyuma yangu na niliisikia kazi yake ikinyamaza.

"Labda kidole kiliteleza, dada," nikasema.

Akaitikia taratibu. "Labda."

Jumatano, 7 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 9 Aprili

Mvua. Maji yamefika ngazi ya pili ya duka. Nimeota namba ndefu zinazidishana.

Jumatatu, 12 Aprili

Malaria kila nyumba. Nimepita Mkunguni leo mchana, foleni ya Mzee Tulsidas imetoka hadi barabarani, kina mama na watoto wamefunikwa khanga. Pazia la kabati limefungwa. Niliona kabisa kwamba limefungwa. Nilisema nitarudi foleni ikipungua.

Sikurudi.

Jumatano, 14 Aprili

Sudha tena. Safari hii ni Idrisa, kimetoka Idrksa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mzee amesema wiki ijayo ataleta mtu mwingine wa kuchapa. Mimi nirudi jikoni." Alikuwa anakikunjakunja kile kibandiko. "Zeina, nimeanza kujiogopa. Juzi nilipima chumvi ya mchuzi mara tatu. Tangu mume wangu afe watu wananiangalia kama kitu kilichopasuka. Labda kweli nimepasuka."

Nilipofungua mdomo Kaka akatokea na chai, akamkaribisha vizuri sana, akamwambia apumzike, kazi zimekuwa nyingi.

Alipoondoka nikamwambia, "Kaka, si yeye. Ni memori."

"Una ushahidi?"

"Sina."

"Basi kunywa chai."

Alhamisi, 15 Aprili

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Asubuhi nilichukua vile vibandiko viwili alivyoviacha Sudha, nikaandika majina kwenye karatasi, la kweli juu, lililokosewa chini. Salima, Sanima. Idrisa, Idrksa. L imekuwa N. I imekuwa K. Mtu akikosea kuchapa, kidole huangukia herufi ya jirani pale kwenye vitufe, na L haina ujirani na N. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. L, M, N. I, J, K.

Herufi mbili mbele. Mara zote mbili.

Ndani ya mashine kila herufi ni namba, na kila namba imejengwa kwa vichembe vya kuwaka na kuzima. Kichembe kimoja kwenye memori ile, kikishika joto, kinawaka pale kinapotakiwa kuzimika. Thamani yake ni mbili. Herufi ikipita hapo inatoka imeongezwa mbili.

Kisha nikakumbuka kwamba tarakimu nazo ni herufi tu kwa mashine. Nikaandika chini ya yale majina: 1, 2, 3.

Sikuaga. Nilikimbia kwenye mvua, nikampita kila mtu kwenye foleni, nikachomoa waya wa umeme ukutani kabla sijamwamkia mtu.

"Binti, una wazimu?" alisema Mzee Tulsidas.

"Shikamoo, Mzee. Usitoe chupa hata moja. Mashine inageuza moja kuwa tatu."

Hakuelewa, nikamwandikia. Alivyosoma kwa kidole, mstari kwa mstari, niliona rangi ikimtoka usoni. Akafunga mlango wa duka, foleni ikabaki nje inalalamika.

"Nakala zote," akamwambia Sudha. "Na vyeti vyote. Tangu ilipokuja."

Tulikaa sakafuni sisi watatu. Mzee anasoma cheti cha daktari kwa sauti, Sudha anasoma nakala, mimi naweka tiki. Mia tatu na kitu. Majina kadhaa yalikuwa yamekosewa, kumi hivi, ambayo hakuna aliyeyaona siku zile. Kila lilipotokea moja Sudha alifumba macho kidogo. Tulipokaribia mwisho nilianza kuamini kwamba Mungu ametusitiri.

"Zahoro Awadhi," akasoma Mzee. "Miaka mitatu. Buguruni. Kwinini ya maji. Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku, siku saba."

Sudha hakusoma. Alinigeuzia ile nakala. *Kijiko 3 mara 3.*

Tarehe kumi na mbili. Siku niliyoona pazia limefungwa.

Mzee Tulsidas alisimama, akachukua mwavuli na kuvaa viatu bila soksi. Tukamwacha Sudha dukani, tukapanda teksi hadi maji yalipoishinda, tukatembea. Cheti kilisema tu nyuma ya gereji za Buguruni. Fundi mmoja aliyekuwa chini ya gari alitutajia nyumba: "Mama Zahoro? Chumba cha mwisho, lakini hayupo. Jana amempeleka mtoto hospitali. Mtoto alikuwa anatapika, akisimama anaanguka kama mlevi. Ukimwita haitiki."

Mzee aliuliza hospitali gani. Akaondoka mbele yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, mimi nikimfuata mbio.

Tulimkuta wodini. Mama Zahoro ni msichana tu, mdogo kwangu. Mtoto alikuwa amelala macho wazi, na mkononi ana dripu. Nilimuuliza ile chupa ya dawa iko wapi. Akaitoa kwenye mkoba, karibu tupu.

"Nilimpa kama ilivyoandikwa," alisema haraka, kama anayeshtakiwa. "Mimi sisomi vizuri. Jirani alinisomea, akasema vitatu. Nikamwambia soma tena. Akasoma vitatu."

Mzee Tulsidas alikuwa anatazama chupa ya dripu. Akamwita nesi. "Ndani ya hii kuna nini?"

"Kwinini, Mzee. Malaria imempanda kichwani."

"Toa," akasema. "Sasa hivi, mama, toa. Mtoto ameshakunywa kwinini mara tatu ya kipimo. Mwite daktari, toa kwanza!"

Nesi aliitoa. Daktari alikuja, akaisoma chupa, akasoma na cheti. Wakampima sukari, wakamwekea maji mengine. Daktari alisema tungechelewa hadi jioni asingekuwa na la kutuambia.

Mama Zahoro alituangalia wote, mmoja baada ya mwingine. "Nani aliyekosea?"

Mzee akafungua mdomo.

"Mimi," nikasema.

Ijumaa, 16 Aprili

Mtoto amepita usiku. Anakunywa maji.

Nimemweleza Kaka kila kitu. Hakukaa chini. Alisikiliza akiwa ameshika kaunta kwa mikono miwili.

"Umesema kompyuta?"

"Nimesema mimi nimekosea."

"Vizuri. Ishie hapo. Kibandiko kilikosewa, basi. Yule mkwe wa Mzee anajulikana ana mawazo, kila mtu Mkunguni anajua."

"Kaka, hilo hutalisema."

"Nitasema nini sasa? Kwamba tunauza vitu vya kuua watoto? Unajua nimesimama wapi kufika hapa?"

"Najua. Nilikuwa nakuletea chakula."

Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtu anayeogopa, na kwamba pengine ameogopa miaka yote, tangu Mchikichini, na mimi nikaita woga ule ujasiri. Nilimwonea huruma. Lakini sikunyamaza tena.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimekwenda kwa Mzee Tulsidas nikamwomba tuwashe mashine, kabati limefungwa na pazia limeshushwa, kama siku zile. Tukasubiri ipate moto. Nikaandika *kijiko 1* mara mia mbili, nikachapa.

Mzee alizipitia karatasi zote kwa kidole. Mia moja tisini na sita sawa. Nne: *kijiko 3*.

Aliziweka mezani. Wateja walikuwa wamejaa. Akamgeukia mkwewe, akaunganisha viganja kifuani, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Sudha, nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu."

Sudha alikaa juu ya kreti ya chupa na kulia kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Kisha Mzee akanigeukia mimi. Hakupaza sauti.

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu tarehe nane Machi."

Aliitikia kwa kichwa, akarudi kusoma vyeti. Sudha alikuwa amenyamaza kulia na ananitazama. Afadhali wangenifukuza.

Jumanne, 20 Aprili

Nimeirudisha mashine ya Mkunguni kwenye mia tatu na kuiwekea memori safi. Mzee hataki. Sudha anaandika vibandiko kwa mkono.

Alhamisi, 22 Aprili

Ya saba iko kwa Bwana Ignasi, mchapaji wa kadi za harusi. Nimemweleza yote. Akakasirika, lakini si kwa nilivyotarajia.

"Mia tatu? Dada, usiniguse. Niachie mwendo wangu."

"Itakukosea majina."

"Hata mimi nakosea majina! Bibi harusi akija kulalamika nachapa nyingine."

Nilikaa pale hadi mchana nikimbembeleza. Mwishowe nikamwonyesha jina la Zahoro kwenye ile nakala. Akanipisha kiti.

Jumatatu, 26 Aprili

Mvua haikatiki. Nimemuuliza Kaka ya tano na ya nane ziko wapi.

"Zimeuzwa."

"Kwa nani?"

"Watu wa mikoani. Walikuja, wakachukua, wakaondoka."

"Mkoa gani?"

"Sikuuliza."

Nimetafuta kitabu cha stakabadhi. Kurasa za mwezi wa tatu zimechanwa.

Jumanne, 27 Aprili

Nimemuuliza tena. Amebadilisha kufuli ya chumba cha ufundi.

Jumamosi, 8 Mei

Nimehamia kwa shangazi, Ilala. Kila basi la mikoani linalotoka, nalitazama kama linajua. Zahanati? Shule? Mtu anayepima dawa ya mifugo? Zinawaka vizuri zile mashine. Nilizifunga mwenyewe. Zina feni nzuri.

Jumatano, 12 Mei

Zahoro ameruhusiwa.

Jumapili, 30 Mei

Mvua imekata. Nimekwenda Buguruni na Sudha. Ni yeye aliyesema twende, na njia nzima hatukuongea sana, lakini penye tope alinishika mkono.

Mama Zahoro alikuwa anafua. Mtoto amenenepa kidogo, amechuchumaa anamwaga maji kutoka kopo hadi kopo, ametugeuzia mgongo.

"Mwite," mama akaniambia.

"Zahoro."

Maji kutoka kopo hadi kopo.

"Sema kwa nguvu."

"Zahoro!" Kuku wakaruka. Fundi wa gereji akainua kichwa. Mtoto aliendelea kumwaga maji hadi Sudha alipozunguka akasimama mbele yake. Hapo akatabasamu.

"Daktari anasema masikio yameharibiwa na kwinini, moja huenda likarudi," mama akasema. "Huenda."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ilala. Mama Zahoro hakuyasubiri, alijikausha mikono, akaingia ndani, akatoka na chupa mpya ya hospitali, dawa ya kifua. Kibandiko kimeandikwa kwa kalamu. Nilidhani atampa Sudha. Akanipa mimi.

"Nisomee."

"Kijiko kimoja. Asubuhi na jioni."

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole, kidole kikiwa juu ya neno.

"Tena," akasema.